Confucius mwalimu sio yule Confucius wa kwenye mtihani

Kila tukifungua mada ya falsafa ya Kichina kwenye vipindi vyetu vya umma swali la kwanza huwa lilelile, eti si ndo wale wa kukariri? Mtu anamuwaza mtoto wa Kichina kainamia kitabu mpaka saa sita usiku, mama kasimama nyuma yake, halafu anasema hiyo ndo falsafa ya Confucius. Hiyo picha naelewa inakotoka ila inachanganya vitu viwili ambavyo mi nimefundisha miaka mingi kuvitenganisha, kuna Confucius mwalimu na kuna Confucius wa kwenye mtihani, na kati yao imepita zaidi ya miaka 1000.

Tuanze na mwalimu. Jina lake Kong Qiu, Wachina wanamwita Kongzi yaani Mwalimu Kong, hilo la Confucius walimpa mapadri wa Ulaya baadaye sana. Kazaliwa mwaka 551 KK kwenye dola ndogo ya Lu, pale Qufu mkoa wa Shandong wa leo, na kwa simulizi za kwao baba kafariki yeye akiwa mdogo kabisa, mama ndo kamlea kwa shida. Enzi hizo kusoma ilikuwa ni mambo ya watoto wa wakubwa. Yeye akasema elimu haichagui tabaka, na kwamba aliyekuja hata na fungu la nyama kavu tu kama ada hakuwahi kumkatalia. Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote, Yan Hui, alikuwa fukara, anakaa uchochoroni, anakula wali kidogo na maji ya kwenye kibuyu, na alipokufa bado kijana, Confucius alilia mpaka wanafunzi wengine wakamwambia mwalimu umezidisha.

Sasa kuna stori moja kwenye Lunyu, yale mazungumzo yake yaliyokusanywa na wanafunzi, huwa nawasomea walimu kila nikipata nafasi. Mwanafunzi mmoja, Zilu, alimuuliza, nikisikia jambo jema nilifanye palepale? Akajibiwa hapana, una baba na kaka zako, wasikilize kwanza. Akaja Ran You na swali hilohilo, akajibiwa ndiyo, ukisikia fanya. Mwanafunzi wa tatu alikuwepo mara zote mbili akachanganyikiwa, mwalimu mbona swali moja majibu mawili? Confucius akamwambia Ran You ni mtu wa kusitasita ndo maana nikamsukuma mbele, Zilu ana nguvu za watu wawili ndo maana nikamvuta nyuma. Basi. Hapo hakuna cha kukariri maana ukikariri jibu la Zilu ukampa Ran You umemharibia. Mahali pengine anasema mwanafunzi nikimwonyesha kona moja ya kitu akashindwa kunirudia na zile tatu zilizobaki sirudii somo, na kusoma bila kufikiri ni kazi bure, kufikiri bila kusoma ni hatari.

Hata ile heshima kwa wazazi, ambayo wasikilizaji wetu huwa wanaitambua haraka sana kwa sababu na sie tumelelewa hivohivo, yeye hakuifanya ya juujuu. Alisema watu siku hizi wanadhani kumheshimu mzazi ni kumlisha, mbona hata mbwa na farasi tunawalisha, bila heshima ya moyoni tofauti iko wapi. Na mzazi akikosea mtoto anaruhusiwa kumwambia, ila kwa upole.

Ilikuwaje basi mtu kama huyu akageuka silabasi? Serikali ilimhitaji. Mwaka 213 KK utawala wa Qin ulichoma vitabu, pamoja na vya wafuasi wa Confucius, ila utawala wa Han uliofuata ulihitaji maofisa waliosoma na wenye nidhamu, na mwaka 124 KK mfalme Wu akafungua chuo cha dola chenye wanafunzi 50 wanaosomeshwa vitabu vya kale ambavyo wafuasi wa Confucius ndo walikuwa mabingwa wake. Kisha enzi ya Sui, wengi wanataja mwaka 605, ukaanza mtihani wa kuajiri maofisa, keju, ambao uliendelea na mapengo yake mpaka 1905. Miaka 1300! Mwanzoni ulipima vitu vingi lakini mwaka 1313 ikaamriwa Vitabu Vinne, yaani vitabu vya mafundisho ya Confucius na wafuasi wake, Lunyu ikiwemo, kwa ufafanuzi wa msomi Zhu Xi ndo viwe msingi, na chini ya utawala wa Ming uliofuata insha ikawekewa umbo la sehemu nane, ukitoka nje ya umbo umefeli hata kama una hoja nzuri.

Lakini nisiwe mkali upande mmoja, keju ilikuwa na haki ndani yake ambayo dunia nzima kwa wakati ule haikuwa nayo. Kuanzia enzi ya Song, karne ya 10 mpaka ya 13, jina la mtahiniwa lilifunikwa na pepa zikanakiliwa upya na makarani ili msahihishaji asitambue hata mwandiko, yaani mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wanasahihishwa bila kujulikana. Kwa vitendo wakulima wengi hawakuwa na hela ya vitabu wala ya kumkosa kijana shambani miaka kumi, na wanawake hawakuruhusiwa kabisa, hilo lazima tuliseme. Kwenye ukumbi wa Nanjing kulikuwa na vyumba zaidi ya 20,000, vidogo kama stoo ya jikoni, mtu anakaa humo siku kadhaa anaandika, anapika, analala. Waliofaulu walikuwa wachache mno. Mmoja wa waliofeli tena na tena, Hong Xiuquan, ndo aliongoza uasi wa Taiping dhidi ya serikali ya China, mwaka 1850 mpaka 1864, na makadirio ya waliokufa yanaanzia milioni 20. Sisemi mtihani peke yake ulileta vita, kulikuwa na njaa na umaskini na serikali iliyochoka, ila ona uzito waliobebeshwa hawa vijana.

Na hapa inatuhusu moja kwa moja. Waingereza walipoanza kuajiri watumishi wa serikali kwa mtihani wa ushindani miaka ya 1850, watu kwao walibishana kabisa kwamba huu ni mtindo wa Kichina, na ni hao hao Waingereza waliotuletea mitihani ya Cambridge huku Afrika Mashariki. Kwa hiyo namba ya mtahiniwa badala ya jina, unayoijua wewe na mwanao, ina ndugu yake wa zamani sana kule Song.

China yenyewe ilifuta keju lakini mtihani ukarudi kwa sura nyingine, gaokao, mtihani wa taifa wa kuingia chuo kikuu, mwaka 1952, ukasimamishwa 1966 kwenye Mapinduzi ya Utamaduni ya Mao, mwaka uleule vijana wafuasi wake walioitwa Walinzi Wekundu walivamia kaburi la Confucius pale Qufu, na uliporejeshwa Desemba 1977 watu kama milioni 5.7 walifanya, wengine wametoka mashambani na viwandani moja kwa moja, wakachukuliwa kama 273,000 tu. Mwaka 2024 walijiandikisha milioni 13.42. Julai 2021 serikali ilipiga marufuku tuisheni za biashara kwa masomo makuu ya shule za msingi na sekondari za chini, makampuni makubwa yakaanguka, na wazazi wengi wakahamia kwa walimu wa nyumbani kimyakimya kwa bei ya juu zaidi, maana tuisheni imezuiwa lakini gaokao ipo palepale kila tarehe 7 Juni. Ndani ya chumba kimoja Zilu yupo na Ran You yupo, na pepa waliyopewa ni ileile.