Muziki wa chekechea: tunayoambiana na yalivyo

Nafundisha PP1, darasa la kwanza la chekechea, upande wa Khayega, Kakamega, na kila muhula hakosi mzazi wa kunisimamisha langoni: "Mwalimu, huyu nimemleta asome ama aimbe?"

Dhana ndiyo hiyo: kwamba kuimba ni mapumziko ya kusoma. Ingia darasani asubuhi utuone tukipigia majina makofi. O-ti-e-no, manne. Na-fu-la, matatu. I-da, mawili. Nikiuliza jina gani refu zaidi, wanarudia makofi kuhesabu. Mtoto anayekata jina lake silabi kwa silabi hivyo ameshaanza kazi ya kusoma, ingawa hajashika penseli.

Wengine huvuka mpaka upande wa pili. Ati ukimwekea mtoto muziki wa Mozart, yule mtunzi wa zamani wa Ulaya, akili inapanda. Maneno hayo yalianzia kwenye utafiti wa mwaka 1993 kule Marekani, uliofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, wala si watoto. Nafuu iliyoonekana ilikuwa katika mafumbo ya maumbo tu, tena ikaisha baada ya dakika 10 hadi 15. Hifadhi bando zako.

Dhana inayotuumiza sisi walimu ni kwamba kipindi cha muziki hakihitaji maandalizi, wimbo utajileta. Niliwahi kuingia na nyimbo tano kichwani na kayamba mkononi. Nikagawa kayamba kwanza, ndipo nikaanza kueleza. Nani angenisikia? Dakika 30 ziliisha kwa kelele, na mmoja akalia kwa kugongwa kidole.

Siku hizi wimbo mpya ni mmoja, nao tunakaa nao siku kadhaa. Siku ya kwanza wanasikiliza na kuitikia kiitikio tu. Kesho yake tunaongeza mwendo wa mwili. Vifaa huja mwisho, baada ya wote kujua ishara ya kunyamaza: mikono yangu ikienda kichwani, yao pia kichwani. Tunaucheza mchezo huo wa kunyamaza mara nyingi kuliko wimbo wenyewe, na wanaupenda ajabu. Mapigo nayo siwalazimishi yangu. Mtoto wa miaka minne akiachwa apige atakavyo, kwa kawaida hupiga haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo ninaanza kwa kumfuata yeye, kisha pole pole ninamvuta.

"Mimi sina sauti." Hili nalisikia sana kwa walimu wenzangu. Watoto hawakuhukumu, ila wana shida moja nawe: unaanza chini mno. Sauti zao ziko juu kuliko zetu, hasa ukiwa mwalimu mwanamume, na ukianzia chini watanguruma au wapige kelele. Panda juu kidogo. Ukishindwa, mwache mtoto mmoja aanzishe.

Kuhusu vifaa, hakuna haja ya kinanda. Vifuniko vya soda vilivyopondwa na kutungwa kwenye waya vinatosha, mradi ncha za waya zimekunjwa ndani. Chupa ya plastiki yenye maharagwe pia ni kayamba, lakini gundisha kifuniko kabisa. Haragwe moja likiingia kooni ni balaa.

Halafu kuna wanaosema ngoma za kwetu ni za matanga na harusi, darasani tuimbe za Kiingereza. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa huku kwetu, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na mimi naona ni somo lililokuja limepangwa tayari: ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Babu mmoja jirani alituletea zake. Watoto wakafumba macho: kubwa ikilia, watembee kama ng'ombe, ndogo ikilia, wakimbie kama vifaranga. Ya kati ikawashinda. Mmoja akafumbua jicho kuchungulia, akamwambia babu, "Hiyo ni ng'ombe mtoto." Tangu siku hiyo, ngoma ya kati ni ndama.