Malango ya Mifereji ya Kale ya Uingereza: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Wengi hudhani kwamba gia na mpini wa kuzungushia vilivyo juu ya lango la mfereji ndivyo vinavyolifungua, hivyo lango likigoma wao huanza kuzifumua gia. Katika mifereji mingi ya Uingereza, kazi ya gia ni kuinua kilango kidogo kilichozama, ili maji yaingie au yatoke katika chumba cha kupandishia mashua. Lango lenyewe husukumwa kwa boriti ndefu baada ya maji ya pande zote mbili kulingana. Tofauti ya sentimita 10 tu, kwa bawa la lango lenye upana wa mita 2.3 lililozama mita 3, hulikandamiza kwa nguvu ya uzito wa kilo 690 hivi. Hakuna fundi anayepaswa kutamani kuiondoa nguvu hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoyabana mabawa mawili ya lango lililofungwa yasiachane.

Dhana iliyoharibu vyuma vingi vya thamani ni kuwa chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu kama gia hizi, huchomelewa kama chuma cha kawaida. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, na kikipata joto la ghafla hupasuka kando ya kiungo. Jino la gia likivunjika, ni heri gia nzima isubiwe upya kwa kielelezo cha mbao kilichozidishwa ukubwa takriban sehemu moja kwa mia, kwa sababu chuma hunywea kinapopoa. Na nafasi za meno zipimwe kwa inchi, kama waliozitengeneza. Komeo linalozuia gia isirudi nyuma lisipuuzwe hata kidogo: likilika, kilango huanguka na mpini huzunguka kwa kasi ya kuvunja mkono.

Wapo pia wanaolalamika kwamba lango jipya la mwaloni si urithi tena. Lango la mbao hudumu miaka 25 hivi, na tangu zamani limekuwa likibadilishwa, huku vyuma vyake vikihamishiwa lango linalofuata. Tena lango jipya likivuja kidogo halijaharibika: mbao zikishiba maji hufura na kuziba nyufa, na wahudumu wa zamani walimwaga majivu upande wa juu ili maji yenyewe yayavute hadi kwenye upenyo.