Klorini haimalizi kuvu ya ukutani

Kila Mto Msimbazi unapofurika na maji kuingia katika nyumba za bondeni, Dar es Salaam, husikika ushauri ule ule: paka klorini, kuvu itakufa. Weusi hufifia kweli, lakini kwenye plasta, mbao na jipsamu, ambazo hunyonya maji, klorini huishia juu huku maji iliyochanganywa nayo yakipenya ndani na kuzinywesha nyuzi za kuvu zilizobaki. (Kuvu iliyokufa nayo huwasha pua.) La muhimu ni kukausha nyumba ndani ya saa 24 hadi 48, kubandua jipsamu iliyolowa na kusugua vigae kwa sabuni. Ukavu husaidia pia dhidi ya utitiri, yaani wadudu wadogo sana wa magodoroni: hufyonza unyevu wa hewani, na hukauka na kufa unyevu huo ukikaa chini ya asilimia 50 kwa wiki kadhaa, ingawa kinyesi chake hubaki mpaka mashuka yafuliwe.