Rafu kwenye pool: tunayoaminishana kijiweni na ukweli wenyewe

Nimecheza pool miaka mingi, kwenye baa, kwenye vibanda vya mabati, kwenye meza zenye mteremko ambazo mipira yote inajua njia ya kwenda shimo la kona, na kitu kinachoniuma kuliko kufungwa ni kuona dogo anayejua kabisa kucheza anaacha meza kwa sababu mwenzake anacheza rafu na yeye hajui afanyeje. Ananuna, au anatukana, au siku mbaya anainua fimbo. Nimeangalia sana hili jambo na naona wengi wanaonewa kwa sababu ya vitu wanavyoviamini ambavyo sio vya kweli. Nitatumia sheria za WPA, hicho ndo chombo cha dunia cha pool, maana kijiweni kila mtu ana sheria zake mfukoni na rafu inaanzia hapohapo.

"Sheria za pool kila mtu anazijua, tuvunje tu"

Hapana jamani. Hii ndo imewaliza watu wengi kuliko zote. Kwenye nane ya WPA, yaani ile game inayomalizwa na mpira mweusi namba nane, mwenzako akifanya faulo wewe unashika mkononi mpira mweupe, ule unaopigwa na fimbo, unauweka popote mezani unapotaka. Mtindo wa vilabu vya Uingereza, ambao ndo umeenea sana huku kwetu, unakupa shoti mbili. Vijiwe vingine mweupe unarudi nyuma ya mstari na shoti ni moja tu. Sasa mtu wa rafu anakaa kimya mwanzoni, halafu katikati ya game anachagua ile inayomfaa yeye, na wewe huna pa kushika kwa sababu hamkuongea.

Na mweusi ukiingia kwenye kuvunja? Uliza kijiwe chochote utaambiwa aliyevunja ameshinda palepale. WPA haisemi hivo, hapo hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, aliyevunja kama hajafanya faulo anachagua, mweusi urudishwe mezani aendelee au mipira ipangwe upya avunje tena. Sisemi kijiwe chenu kibadilishe utaratibu, nasema ulizeni kabla tokeni haijaingia. Faulo inalipwaje, mweusi unatajiwa shimo au popote, mweusi wa kwenye kuvunja tunafanyaje. Hayo matatu tu, mbele ya wanaosubiri zamu yao ili wasikie, na nusu ya ubishi umekufa.

"Kumfichia mtu mpira ni roho mbaya"

Hii inanikera kwa sababu inawafanya watu waite rafu kitu ambacho ni akili. Mtu kuacha mweupe nyuma ya mpira wake ili wewe usione wa kwako ni halali kila mahali, na huko kwenye snuka, ndugu yake pool, watu wanashindana kwa kufichiana dakika kumi nzima na ukumbi unapiga makofi. Ukiona hiyo ni rafu utapoteza nguvu kugombana na sheria badala ya kujifunza kutoka.

Na kutoka kunafundishika. Mpira ukigonga ukingo bila kuzungushwa, bila nguvu ya kupitiliza, unarudi kwa pembe inayokaribia ile ulioingia nayo, kama taa ya tochi kwenye kioo. Kwa hiyo chukulia ukingo ni kioo, fikiria mpira wako umesimama upande wa pili wa kile kioo kwa umbali uleule, halafu lenga huko. Fanya asubuhi meza ikiwa tupu, shoti ishirini za kugonga ukingo mmoja, utashangaa wiki ya pili. Efren Reyes, gwiji wa pool wa Ufilipino, mwaka 1995 kule Reno, Marekani, alikuwa anacheza na Earl Strickland mechi ya kufika 13 na wamefungana 12 kwa 12, akaachiwa mpira ambao hauoni kabisa, akapiga mweupe ukagonga kingo mbili ukaenda kuutumbukiza, akamaliza mechi. Hakulalamika kwamba amefichiwa. Ile shoti watu wanaiangalia mpaka leo.

"Refa hayupo, akikataa faulo basi"

Hapa tukae kidogo.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hawakijui, faulo isipotajwa kabla ya shoti inayofuata kuanza inahesabika haikutokea. Ndo sheria. Kwa hiyo ile tabia ya kunyamaza halafu baada ya shoti tatu ukifungwa ndo unasema "ila wewe pale ulinigusia", hiyo haina thamani, na kwa kweli inakufanya wewe uonekane ndo msumbufu. Sema palepale, sauti ya kawaida, "hiyo ni faulo, mweupe umegusa wa kwangu kwanza". Na ukishasema, mwenzako akaendelea kupiga kama hajasikia, sasa hapo yeye ndo kavunja sheria mara ya pili, maana kuendelea kucheza baada ya faulo kutajwa kunahesabiwa utovu wa nidhamu mchezoni.

Cha pili ni kikubwa zaidi: usisubiri itokee. Ukiona anataka kupiga shoti ya utata, mipira miwili imekaribiana haijulikani utaguswa upi kwanza, simamisha kabla hajainama. "Subiri kaka, tumuite mtu aangalie." Chagua mtu ambaye hana hela kwenye hiyo game, msimamishe pembeni ya meza usawa wa mipira, mkubaliane atakachosema ndo hicho. Nimefanya hivi mara nyingi sana na nakwambia mara nyingine jamaa anabadilisha shoti kabisa akiona kuna macho. Ukikaa kimya halafu kukawa na ubishi, neno la aliyepiga ndo linachukuliwa, na ndivyo ilivyo hata kwenye ligi nyingi za watu wa kawaida huko nje.

Halafu kuna ile faulo ambayo watu hawaioni kabisa, kugonga mweupe mara mbili. Mweupe uko karibu na mpira wake, nafasi kama ukucha, anasukuma fimbo moja kwa moja mbele na vyote viwili vinaondoka pamoja kama ndugu. Angalia vizuri mwendo wa mweupe. Mipira yenye uzito sawa ikigongana uso kwa uso, ule uliogonga unatoa karibu mwendo wake wote kwa mwenzake, kwa hiyo lazima usimame, au usite kidogo ndo uanze kujivuta polepole. Ukiona mweupe haukusita hata kidogo, unakimbia nyuma ya mwenzake kwa kasi ileile, basi fimbo imeugusa tena. Ila hapa nitoe angalizo, meza nyingi za tokeni mweupe wake una ukubwa au uzito tofauti na mingine ili mashine iweze kuutenganisha na kuurudisha, na mweupe mzito unafuata mbele kidogo wenyewe, kwa hiyo jaribu meza yenu kwanza kabla hujamnyooshea mtu kidole. Na kama mipira imegusana kabisa mambo ni mengine tena, nane ya WPA inaruhusu uupige kuelekea huohuo uliogusana nao, wakati blakboli, ile pool ya mtindo wa Uingereza, na snuka lazima upige kwenda pembeni. Ongezeni hilo kwenye maswali ya mwanzo.

"Nimegusa kwa bahati mbaya, tuendelee"

Kuna jamaa mmoja tulikuwa tunacheza naye, sitaji ni wapi, mtu mzima, mpole, anakusalimia vizuri, na kila siku amevaa shati la mikono mirefu haifungi vifungo vya kiganjani. Kwa muda mrefu sikuelewa inakuwaje mpira wake wa saba uliokuwa umebanwa ukingoni ghafla uko mdomoni mwa shimo. Siku moja nikakaa upande wa chini wa meza badala ya upande wa juu, nikaona. Anainama kupiga, mkono wa kushoto unapita juu ya mpira, lile shati linaning'inia linausogeza, sentimita mbili tu, na akiinuka macho yetu wote yako kule mweupe unakokwenda.

Ukweli ni kwamba kugusa mpira wowote kwa nguo, mkono, chaki, chochote, ni faulo. Meza isiyo na refa inaruhusiwa kukubaliana kwamba kugusa mpira usio mweupe kwa bahati mbaya isiwe faulo, sawa, lakini anayeamua urudishwe pale ulipokuwa au ubaki ni mpinzani. Sio aliyegusa! Huyu aliyegusa hana ruhusa hata ya kuurudisha mwenyewe bila kuulizwa. Dawa yangu tangu siku ile ni simu, mipira ikitulia na naona kuna shoti ya kunyoosha mkono juu ya mipira, napiga picha ya meza kwa juu, nasema waziwazi "napiga picha ili tukigusa tujue pa kurudisha". Simtuhumu mtu. Picha inanilinda mimi na inamlinda yeye pia.

"Kelele ni sehemu ya mchezo, kama huziwezi kaa nyumbani"

Kelele za baa, muziki, watu kubishana Simba na Yanga, hizo sawa, zinawakuta wote wawili. Lakini mpinzani wako kusimama kwenye mstari wa shoti yako, kutikisa fimbo usawa wa macho yako, kugonga chaki mezani pale unapovuta mkono nyuma, kukusemesha "hiyo unakosa" wakati umeinama, hiyo ni kumsumbua mchezaji na WPA wameiweka wazi kwenye mwenendo usio wa kimichezo, pamoja na kuchelewesha mchezo makusudi na kuweka alama mezani. Kwa hiyo usikubali kuambiwa wewe ndo mwepesi wa hasira.

Kinachosaidia ni kuinuka. Kweli kabisa, ukiona kivuli kinacheza mbele yako, usimalizie ile shoti kwa hasira, inuka wima, paka chaki, mwangalie, mwambie "naomba usogee mstarini", subiri asogee, ndo uiname upya kuanzia mwanzo. Anachotaka ni wewe upige ukiwa umevurugwa, usimpe. Akirudia mara ya tatu mwite mwenye meza.

"Na mimi nimrudishie tu"

Naelewa kabisa hasira inavyopanda, ila angalia hesabu yake. Yeye rafu ameizoea, mkono wake hautetemeki, wewe ndo mara ya kwanza, utakamatwa wewe, na kuanzia hapo kijiwe kizima kitasema "wote walewale". Ushahidi wako wote wa nyuma umefutika kwa shoti moja.

Tena kwenye faulo ya makusudi jibu liko ndani ya sheria tayari. Mkicheza mpira mkononi badala ya shoti mbili, mtu anayekosa makusudi anakukabidhi meza nzima, mwenyewe ataacha. Snuka wamekwenda mbali zaidi, faulo ina bei, pointi 4 mpaka 7, na refa akiona hukujitahidi vya kutosha kuupiga mpira unaotakiwa, mpinzani anaweza kuomba mipira irudishwe ilipokuwa upige upya, na kama ulikuwa unauona mpira wazi ukakosa mara tatu mfululizo baada ya kuonywa, frem, yaani game hiyo, inapotea. Naini nayo, ile pool ya mipira tisa, faulo tatu mfululizo umepoteza game hiyo. Kwa hiyo kijiwe chenye mtu wa namna hii kibadilishe adhabu, msibadilishe tabia zenu.

"Kafungwa mbili za mwanzo, huyu mteja"

Hii inawahusu wanaoweka hela, na mimi nashauri usiweke na mtu usiyemjua, lakini najua wapo. Kufungwa makusudi ili dau lipande ni rafu ya zamani sana na meza haina sheria ya kukulinda nayo, kwa sababu kila shoti inakuwa halali. Hata kujificha jina kupo, huyohuyo Reyes mwaka 1985 alipokwenda Houston mara ya kwanza alicheza akitumia jina la Cesar Morales, kwa kuwa jina lake halisi lilishaanza kusikika ingawa sura hawaijui. Mimi naangalia vitu viwili: mpira unapokosa, unakosa kwa kiasi gani, na mweupe unaishia wapi. Mtu asiyejua akikosa mweupe unapotea popote. Huyu anayekuvuta anakosa kwa unywele, na mweupe umekaa pale ambapo na wewe huna shoti. Ukiona hivyo mara tatu, dau libaki palepale au weka fimbo chini, hakuna aibu kabisa.

Madogo madogo mengine. Kukalia ukingo wa meza sio faulo, mradi mguu mmoja unagusa chini. Kurusha mweupe juu kwa kuuchota kwa chini na ncha ya fimbo ni faulo, shoti ya kuruka halali unainua fimbo nyuma unaugonga kutoka juu, ingawa mwenye meza akikataza kwa ajili ya kitambaa chake muelewe. Na kwenye kupanga, mweusi katikati, kona mbili za nyuma moja namba ndogo moja namba kubwa, halafu wewe unayevunja una haki ya kwenda kuangalia kama mipira imebanana, maana kuacha upenyo nyuma ya mpira wa mbele kunaua kabisa nguvu ya kuvunja na wapo wanaojua hilo vizuri sana.

Yule mzee wa shati, baada ya picha kama tatu hivi za simu, alianza kukunja mikono ya shati mpaka juu ya kiwiko kabla ya kuinama. Hakuna aliyemwambia. Tunacheza naye mpaka leo, na wa saba ukibanwa ukingoni anautoa kwa shoti kama sisi wengine.