Mavazi ya Lamu na Malindi: Tofauti Iko Mkononi mwa Fundi

Siku ya utamaduni inapofika shuleni, mtoto anayeiwakilisha Pwani huvishwa leso mbili akiwa msichana, au kanzu na kofia akiwa mvulana, na waandalizi wakaona kazi imekwisha. Mimi ni fundi wa nguo hapa Lamu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitafuta, kurekebisha na kuhifadhi mavazi ya zamani ya Waamu, Wabajuni na Wagiriama, kwa hiyo jambo hilo huniuma. Kutoka Malindi hadi Mokowe, mahali pa kupanda boti ya kuvukia kisiwani, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa njia ya Garsen, na katika mwendo huo mavazi hubadilika sana ingawa tungali katika Pwani ile ile ya Kenya. Ninalotaka kulieleza ni kwamba mabadiliko hayo hayatokani na kitambaa. Kwa sehemu kubwa kitambaa cha pande zote mbili kilitoka ng'ambo na kupitia maduka ya namna moja. Kilichotofautiana ni mkono: nani alikikata, alikikunja vipi, na alikifunga ili kifae kazi gani.

Nianze upande wa Malindi, na hando la Kigiriama, kwa sababu ndilo vazi linalodharauliwa zaidi na watu wasiolijua. Ukiliona kwa mbali utadhani ni sketi fupi nyeupe iliyofura. Lifungue ulitandaze mezani, nawe utaona kazi ya subira kubwa: kitambaa kirefu cheupe cha pamba kimekunjwa marinda membamba yaliyobanana, tabaka juu ya tabaka, kisha yote yakashikizwa kiunoni ili uzito uangukie kwenye nyonga. Nyonga ndizo zinazokusudiwa. Mwanamke akitembea hando hutikisika, na akiingia ngomani mtikisiko huo huwa sehemu ya mchezo wenyewe, kama vile mlio wa kayamba. Kitambaa hicho cheupe hakikufumwa Kaloleni wala Magarini. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Marekani walileta Zanzibar pamba nyingi isiyotiwa rangi, ile tuliyoizoea kwa jina la merikani, nayo ilisambaa bandari hadi bandari na kuingia bara, na baadaye pamba ya India ikashika soko. Marinda, hata hivyo, hayakuja na jahazi. Hayo ni ubunifu wa akina mama wa Kigiriama.

Mabega kuachwa wazi na hando kuishia juu ya goti kuna maana yake pia. Vazi hili lilikua katika nchi ya mashamba ya mahindi, mihogo na minazi, ambako mwanamke alihitaji mikono na miguu iliyo huru kwa jembe, mtungi na mtoto mgongoni. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913 na 1914, huadhimishwa kila mwaka, na katika maadhimisho hayo mahando hutolewa makabatini na kuvaliwa kwa fahari. Nje ya sherehe na vikundi vya ngoma, siku hizi wanaolivaa ni wakongwe wachache wa vijijini. Marinda ya hando la mkongwe ni membamba na yamebana, ilhali yale yanayoshonwa haraka kwa ajili ya jukwaa huwa mapana na machache, na hando la namna hiyo halitikisiki inavyopasa. Fundi kijana anayetaka kujifunza na aende kwa wakongwe hao wakati wangalipo.

Upande wa Lamu historia ilikwenda njia nyingine. Kisiwa hiki ni mji wa vichochoro ambamo watu wawili wakipishana hugusana mabega, na ustaarabu wake wa kiungwana ulimtaka mwanamke wa nasaba asionekane anapotoka. Zamani alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kipana kilichoinuliwa kwa vijiti mithili ya hema, na mara nyingi kilishikiliwa na watumwa wa kike. Vazi la aina hiyo halikuweza kuishi bila utumwa. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria mwaka 1907, mikono ya kushikilia shiraa ikatoweka, na katika miongo iliyofuata nafasi yake ikachukuliwa na buibui, ambalo mwanamke aliweza kulivaa na kulishika mwenyewe, awe wa nasaba au asiwe. Buibui la kizamani halikuwa na mikono wala vifungo. Lilikuwa kitambaa cheusi kipana kilichoshonwa kama mfuko mkubwa, likafungwa kichwani kwa kamba, na mvaaji akaukusanya upindo wake kwa mkono mmoja ili usiburure vumbi. Nasisitiza miaka hiyo kwa sababu wengi hudhani buibui lina umri sawa na misikiti yetu mikongwe, ilhali ni vazi la karne iliyopita tu katika mji wenye historia ya mamia ya miaka.

Baina ya hando na buibui iko leso, na hapa ndipo ninapoiona hoja yangu waziwazi. Doti ni ile ile, vipande viwili vya takriban sentimita 150 kwa 110, vyenye pindo, mji, yaani sehemu ya katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Malindi, mwanamke anayekwenda sokoni huifunga leso moja kiunoni juu ya gauni au sketi, na ya pili humbebea mtoto au humfunika mabega, hivyo jina husomwa na kila apitaye njiani. Lamu, leso ni nguo ya ndani ya nyumba: moja kiunoni, ya pili kichwani, na anapotoka huvaa buibui juu yake. Jina la leso ya Lamu husomwa na jirani, wifi na mgeni aliyekaribishwa ndani. Kwa hiyo hata uchaguzi wa maneno dukani una hesabu tofauti, maana fumbo la kumlenga mtu mmoja ndani ya nyumba silo utakalolitangaza sokoni.

Kwa wanaume nitasema machache, isipokuwa juu ya kofia. Kofia ya viua ya Lamu huanza na vipande viwili vya kitambaa cheupe, duara la juu na ukanda wa kuzunguka kichwa. Fundi huchora nakshi kwa kalamu, hutoboa vitundu vidogo kimoja baada ya kingine, na kila kitundu hukizungushia uzi mpaka kingo zake zikakaza. Kofia nzuri huchukua miezi, na mwenye kujua huigeuza ndani kwanza, kwa sababu upande wa ndani ndio unaofichua kama mkono ulikuwa na haraka. Wakati wa Maulidi utaziona kwa wingi pamoja na kanzu nyeupe. Kikoi nacho kiko kotekote: mvuvi wa Kibajuni hukipiga uwinda, yaani hukipitisha katikati ya miguu na kukichomeka kiunoni, anapoingia majini, na biashara ya watalii ya Malindi na ya Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, imekigeuza kuwa mashati, mikoba na taulo za pwani.

Mwaka 2004 vazi la taifa lilizinduliwa Nairobi, nalo halikushika. Sababu naiona katika haya niliyoyaeleza: vazi hukubalika pale linapojibu hali ya hewa, kazi, dini na upana wa njia ya mahali fulani, na mchoro mmoja hauwezi kujibu hayo yote kwa nchi nzima.

Leo nguo inayoziunganisha pande hizi mbili ni dera. Linauzwa Malindi na linauzwa Lamu, jepesi, pana, la rangi kali. Malindi, mama muuza samaki hulikusanya na kulikaza kwa leso kiunoni, akalipandisha hadi kwenye mashavu ya miguu, akafanya kazi. Lamu, dera hilo hilo huvaliwa barazani na ukumbini bila kufungwa kitu, nalo hupita kichochoroni likiwa chini ya buibui, na fundi wa hapa huombwa alipunguze urefu kwa vidole viwili ili upindo wake wa rangi usichungulie chini ya cheusi.