Sabuni inafanyaje kazi kwenye maji? Majibu ya maswali yenu

Swali: Hivi sabuni inaua vijidudu au inavitoa tu?

Vyote, ila zaidi inavitoa. Molekuli ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, sasa ukiitia majini mkia unakosa pa kukaa, kwa hiyo inakimbilia juu ya maji au kwenye mafuta ya ngozi yako, mkia unazama kwenye uchafu kichwa kinabaki majini, ukisugua uchafu unabanduka na vijidudu vyake. Virusi vya korona vina ganda la mafuta kwahiyo mikia inaliingilia linapasuka kabisa.

Swali: Mikia ndo inavutana mpaka inakusanyika?

Wengi wanadhani hivyo kumbe ni maji yenyewe! Maji yakiuzunguka mkia wa mafuta yanabanwa, yanajipanga kama wanafunzi mstarini, mikia ikijificha pamoja yale maji yanaachiwa yanatawanyika yatakavyo, na huko kutawanyika ndo kunaitwa entropi. Vifundo vinavyotokea ni miseli. Kwa sodiamu laurili salfeti, ile ya kwenye shampuu, kifundo kimoja kina molekuli kama 60, na kwenye nyuzi joto 25 hivi joto linaloingia au kutoka ni karibu sifuri, yaani kazi yote ni ya entropi. Mi hapa huwa nashangaa kila nikifikiria.

Swali: Basi nikijaza sabuni nyingi ndo vizuri?

Sivyo. Hiyo hiyo ya shampuu ikifika kama gramu 2.3 kwa lita ya maji safi, uso wa maji umeshajaa, inayozidi inaenda kutengeneza miseli tu. Miseli zinasaidia kubeba mafuta sawa, lakini sabuni kali ikizidi inang'ang'ania protini za ngozi na kuondoa mafuta yake, waulize wanaofua kila siku, mikono inapasuka.

Swali: Maji ya kisima chetu sabuni haitoi povu, tunanawa bure?

Hapana jamani. Hayo maji yana kalisiamu na magnesiamu nyingi, zinashika vichwa vya sabuni ya mche inaganda, ndo ule utando mweupe kwenye beseni. Ongeza sabuni kidogo mpaka mkono uteleze.

Swali: Lazima maji ya moto?

Hata ya baridi yanatosha. Sugua sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, halafu suuza kwa maji safi yanayotiririka.