Kurudi Kwenye Kumite Baada ya Kupigwa Vibaya: Maelezo ya Mwalimu wa Karate wa Mtwara

Mwanafunzi aliyepigwa vibaya katika kumite, yaani pambano la karate la watu wawili, hapotezi ujasiri wake wote, ingawa yeye mwenyewe husema hivyo na wenzake humwamini. Ukimfuatilia siku chache baadaye utamkuta bado anaendesha bodaboda usiku kwenye barabara ya Mikindani, bado anafanya kata (mfuatano wa mapigo uliopangwa, usio na mpinzani) mbele ya watu bila kutetemeka, na bado anabishana na abiria kuhusu nauli kama kawaida yake. Alichopoteza ni kitu chembamba zaidi, nacho ni imani kwamba akisimama ndani ya umbali ambao ngumi ya mwenzake inaweza kumfikia, ataweza kuona, kuamua na kutenda kwa wakati. Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza jambo hili mwaka 1977, aliposema kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hufungamana na kazi fulani mahususi, na kwamba chanzo chake chenye nguvu kuliko vyote ni kuifanya kazi hiyohiyo na kufanikiwa. Kuwaona wengine wakifanikiwa, kutiwa moyo kwa maneno, na namna mtu anavyozielewa dalili za mwili wake ni vyanzo pia, lakini huja nyuma ya hicho cha kwanza. Sisi walimu wa karate, kwa bahati mbaya, hupenda kuanza na maneno kwa sababu ndiyo rahisi. Tunamwambia kijana "jikaze", tunampiga begani, kisha jioni hiyohiyo tunamrudisha mbele ya mtu aliyempiga. Naipinga desturi hiyo, na hapa chini naeleza ninachofanya badala yake katika darasa langu la Shotokan, mmoja wa mitindo ya karate.

Kabla ya kuzungumzia moyo, kichwa kichunguzwe. Mtu aliyepigwa kichwani akaumwa kichwa, akatapika, akaona kizunguzungu, akakerwa na mwanga au akasahau sehemu ya pambano, huenda amepata mtikisiko wa ubongo, hata kama hakupoteza fahamu. Akipoteza fahamu, akichanganyikiwa zaidi kadiri muda unavyokwenda au akitapika mara kwa mara, apelekwe hospitali mara moja, iwe Ligula au ile ya rufaa ya kanda kule Mitengo, wala asipelekwe nyumbani alale kwanza. Kwa wengine, utaratibu unaokubalika sasa ni mapumziko ya saa 24 hadi 48, kisha kutembea na mazoezi mepesi, kisha kuongeza kazi hatua kwa hatua, na kutogusana kabisa na mwenzake hadi dalili zote ziishe na mtaalamu wa afya amruhusu. Nalisisitiza jambo hili katika makala ya kujiamini kwa sababu mtikisiko wa ubongo humfanya mtu awe mzito wa kuamua, mwepesi wa hasira na mwenye huzuni isiyo na sababu, na mwalimu asiyejua hilo ataona woga mahali palipo na jeraha.

Ikiwa kichwa ni kizima, kinachofuata ni kuitengua habari ya pambano lenyewe. Mwanafunzi huja na sentensi moja tu, "Mwalimu, nimepigwa", na sentensi hiyo haina kitu ndani yake cha kufanyia kazi. Namtaka aniambie alipigwa na nini, akiwa amesimama wapi, na alikuwa ametoka kufanya nini. Mara nyingi habari hubadilika sana. Kijana mmoja mwenye mkanda wa kahawia, ulio chini tu ya mweusi, aliniambia kwamba mgeni aliyetoka Lindi kwa mazoezi ya pamoja alikuwa amemzidi kila kitu, lakini tulipoikagua picha ya video iliyopigwa kwa simu tuliona kosa lilelile likijirudia: alirusha maegeri, yaani teke la mbele, akaacha mguu utue mbele bila mikono kurudi mahali pake, na gyaku-zuki, ngumi ya mkono wa nyuma, ikaingia kupitia mlango huo mmoja. Hakuwa amezidiwa kila kitu. Alikuwa na mlango mmoja uliokuwa wazi, na mwenzake alikuwa na akili ya kuendelea kuupitia.

Hesabu za mashindano nazo hudanganya. Kwa kanuni za Shirikisho la Karate la Dunia ngumi iliyofika vizuri ni alama 1, teke la kiwiliwili ni alama 2, na teke la kichwani ni alama 3, hivyo aliyefungwa sita kwa sifuri huenda alizubaa mara mbili tu. Mwambie hivyo, naye ataliona pambano kwa ukubwa wake halisi. Kuna hali nyingine ambayo sikubali iitwe kushindwa. Katika fainali ya uzito wa juu ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika Agosti 2021, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza alipompiga Sajad Ganjzadeh wa Iran teke la kichwa lililomzimisha, na waamuzi wakampa Ganjzadeh medali ya dhahabu ilhali alikuwa ametolewa kwa machela, kwa sababu teke lile lilikosa udhibiti. Watu wengi waliudhika, nami nawaelewa, lakini kanuni ile ina maana kubwa katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi: mwanafunzi aliyevunjwa pua na mkubwa wake asiyeweza kuzuia ngumi hana la kujifunza kuhusu udhaifu wake mwenyewe. Wa kufundishwa hapo ni yule mkubwa.

(Video hizo, tafadhali, zibaki kwa mwalimu na mwanafunzi. Katika darasa langu nimepiga marufuku kuzituma kwenye makundi ya simu. Mtwara si Dar es Salaam. Aliyeona umelala chini Jumamosi utakutana naye sokoni Jumatatu, na aibu ya namna hiyo huchelewesha kurudi kuliko maumivu ya mbavu.)

Sasa nieleze kinachoendelea mwilini mwa mtu huyu anaporudi mazoezini, kwa kuwa hapo ndipo ugumu wa kweli ulipo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mwili wa mwanakarate hushtuka hivyohivyo: bega la mwenzake likicheza kidogo tu, yeye hufumba macho, hubana pumzi, huinua mikono yote miwili usoni na kurudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Kila moja ya hizo ni kinga ya asili, na kila moja humfanya apigwe zaidi. Akifumba macho haoni shambulio la pili. Akibana pumzi anachoka mapema. Mikono ikiwa juu mbavu zinabaki wazi. Na anayerudi nyuma kwa mstari mnyoofu humpa mshambuliaji njia ya kumfuata, maana kwenda mbele ni kwepesi kuliko kurudi nyuma. Hivyo hupigwa tena, na mwili unapata ushahidi mpya kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa. Mzunguko huu hauvunjwi kwa kumwambia asiogope. Unavunjwa kwa kumpa ushahidi wa upande mwingine, mdogo kwanza, ambao mwili wake wenyewe utausadiki.

Watangulizi wetu walituachia chombo kinachofaa kabisa kwa kazi hiyo, nasi tumekifanya kuwa mtihani wa mikanda ya chini tu. Nazungumzia ngazi za kumite. Katika gohon kumite mshambuliaji hutaja shabaha, jodan (kichwani) au chudan (kiwiliwilini), kisha huja kwa hatua tano zinazofanana, na mlinzi anajua kila kitu: nani atapiga, wapi, lini na mara ngapi. Katika ippon kumite shambulio ni moja na bado limetajwa. Katika jiyu ippon kumite wote wawili hutembea kwa uhuru, shambulio limetajwa, lakini wakati wake haujulikani. Katika jiyu kumite, yaani kumite huru, hakuna kinachotajwa. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba kinachoongezeka kutoka ngazi moja hadi nyingine si nguvu, bali ni kiasi cha yasiyojulikana, na yasiyojulikana ndiyo anayoyaogopa mtu aliyepigwa. Kwa hiyo namrudisha chini kwenye gohon, hata akiwa na mkanda wa kahawia, na simwombi radhi kwa hilo. Wakubwa hunung'unika kidogo kwa kuona wanafanya mazoezi ya watoto. Baada ya hatua chache, wakigundua kwamba macho yao yanafumba hata kwa ngumi waliyotangaziwa, hunyamaza.

Ngazi hizo nne hazitoshi, kwa hiyo huongeza nyingine katikati. Kati ya ippon na jiyu ippon namwambia mshambuliaji achague kati ya mashambulio mawili yaliyotajwa, tuseme kizami-zuki (ngumi ya mkono wa mbele) au maegeri, ili mlinzi alazimike kusoma nyonga na bega badala ya kukariri. Kati ya jiyu ippon na kumite huru naweka zoezi ambalo mmoja anashambulia kwa kasi ya nusu na mwingine haruhusiwi kurudisha pigo lolote, bali kutembea, kukata pembe na kutoka. Zoezi hili la pili ndilo ninalolithamini kuliko yote. Aliyepigwa huwa na haraka ya kulipiza ili aibu iishe, na anapozuiwa kulipiza hubakiwa na kazi moja tu, ambayo ni umbali. Umbali, ule ambao Wajapani huuita maai, ndio uliompotea kwanza. Ama anasimama mbali mno hadi ngumi yake haifiki popote, ama anasogea karibu mno ili kukumbatia na kuzuia. Akiweza kutembea pembezoni mwa ngumi ya mwenzake, akiiona ikija na kupita, uso wake hubadilika bila mtu yeyote kumpa hotuba.

Katika ngazi zote kuna sharti moja ambalo wenzi wake lazima walielewe: shambulio lipunguzwe kasi, lakini lisipunguzwe ukweli. Ngumi ielekee kidevuni hasa na ifike mahali ambapo, asipojikinga, itagusa ngozi. Mwenzi mwenye huruma anayepiga pembeni ya sikio anadhani anamsaidia, ilhali anamdhuru, kwa kuwa mlinzi huhisi kwamba ameachiwa, na ushindi wa kuachiwa haumwingii. Ninapoangalia kama yuko tayari kupanda ngazi sihesabu wiki. Naangalia kama macho yanabaki wazi, kama anatoa pumzi anapokinga, na kama anatoka kwa pembe. Mambo hayo yakiwepo jioni yote, tunapanda. Yakipotea, tunashuka bila maneno mengi.

Kuhusu pumzi na moyo kwenda mbio, ni vema mwanafunzi aambiwe wazi kwamba mapigo yale yapo pia kwa yule atakayeshinda. Mwili unajiandaa kwa kazi. Hapa kwetu joto na unyevunyevu huongeza utata, kwani mtu aliyechoka kwa joto na mtu aliyeogopa hufanana kwa nje: mikono inashuka, miguu inakuwa mizito, uamuzi unachelewa. Kila msimu wa korosho vijana kadhaa hupotea mashambani na kwenye maghala, kisha hurudi, hupigwa na watu waliokuwa wakiwamudu, na huhitimisha kwamba wameishiwa. Wameishiwa pumzi tu. Hao nawapa mbio za mchangani Shangani alasiri na maji ya kutosha, na sehemu kubwa ya woga wao huisha bila kufika kwenye ngazi nilizozieleza.

Wapo wanaopenda kuwaponya wanafunzi kwa habari za mabingwa. Habari ya Teddy Riner, mwanajudo wa Ufaransa, ni nzuri na ni ya kweli: alishinda mapambano 154 mfululizo, akashindwa na Kokoro Kageura wa Japani jijini Paris Februari 2020, akapata shaba katika Olimpiki ya Tokyo, kisha dhahabu jijini Paris mwaka 2024. Naisimulia mara moja moja. Hata hivyo, mfano hufanya kazi vizuri zaidi mtazamaji anapojiona ndani yake, na kijana wa Chikongola hajioni kwa urahisi katika mwili wa Riner. Anajiona katika dada yake wa dojo mwenye mkanda uleule, ambaye mwaka uliopita alilia kwenye kona ileile ya ukumbi na sasa anapigana vizuri. Kwa hiyo namweka karibu na huyo dada, wafanye mazoezi pamoja, naye amweleze kwa maneno yake ilivyokuwa.

Swali ambalo kila mzazi na kila mwanafunzi huniuliza ni lini akutane tena na aliyempiga. Jibu langu ni kwamba akutane naye, lakini akiwa mmoja wa wenzi wengi katika mzunguko wa kawaida, baada ya kumite huru na watu wengine kurudi kuwa jambo la kawaida. Siku hiyo siitangazi, na watoto wanaochungulia madirishani naomba waondolewe. Kabla ya hapo huzungumza na mshindi peke yake, kwa sababu naye ana kazi ya kufanya: namtaka apige kwa udhibiti, asimwachie mwenzake pointi yoyote, na asizungumzie pambano la zamani hata kwa utani. Yule aliyeshindwa nampa lengo moja lisilohusu kushinda, ambalo kwa yule kijana wa mkanda wa kahawia lilikuwa kurudisha mikono kila baada ya maegeri. Huwapa dakika mbili. Wakishainamiana nawapeleka moja kwa moja kwa wenzi wanaofuata, na mwishoni mwa darasa namuuliza swali moja tu kuhusu mikono yake.